Kumlea mtoto mwenye ugonjwa wa akili na kushirikiana na shule yake: mwongozo kwa mzazi wa Mombasa

Mzazi akianza kuona kwamba mwanawe ana tatizo la akili, maneno humfikia kabla ya msaada. Nyanya atasema mtoto kapatwa na kijicho. Jirani atasema ni jini. Mwalimu atasema ni utundu, na upande wa baba watasema mama amemdekeza. Wakati huo wote mtoto anaendelea kuamka alfajiri, anavaa sare, anakwenda kukaa darasani na watu wasiojua wamfanyie nini.

Mwongozo huu unakupeleka kwenye shabaha moja: shule ijue la kufanya saa nne asubuhi mtoto anapolemewa. Jina la ugonjwa lina kazi kubwa hospitalini. Lakini mwalimu mwenye watoto sitini kwenye darasa la mabati, jua la kaskazi likiwaka, atasaidika zaidi akiambiwa hivi: "Ukiona ameanza kukunja vidole na kupumua haraka, mruhusu atoke anawe uso, dakika tano atarudi." Hatua nyingine zote ni za kukufikisha kwenye sentensi kama hiyo, iliyoandikwa na kukubaliwa na pande zote mbili.

Hatua ya 1: Daftari

Nunua daftari la kurasa 48 na uandike kila siku kwa wiki mbili kabla ya kwenda popote. Andika amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi, amekula nini, na kila tukio gumu kwa sehemu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Usiandike "alikuwa mbaya leo". Andika ulichokiona kwa macho.

Mfano: "Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, analia tumbo. Hana homa. Amebaki nyumbani. Saa tatu tumbo limepona, anacheza. Jumanne vilevile. Jumamosi, hakuna tumbo. Jumapili usiku, tumbo limerudi." Kurasa kama hizo zina habari kubwa. Tumbo linauma kweli, hadanganyi, lakini linafuata kalenda ya shule. Sasa una swali la kuuliza: huko shuleni kuna nini? Fimbo? Mtoto mkubwa anayemnyang'anya pesa ya viazi? Choo kisicho na mlango? Somo la hesabu saa mbili na nusu?

Muulize kwa upole, mkiwa mnafanya kazi fulani pamoja, mnachambua mchele au mnatembea kwenda dukani, kwa sababu watoto wengi huongea zaidi wasipotazamwa usoni. Na ukiona mabadiliko ya ghafla, mtoto amerudi kukojoa kitandani au anamwogopa mtu mmoja mahususi, fikiria uwezekano wa dhuluma, na usimhoji mara kumi. Msikilize mara moja, muamini, umpeleke kwa wanaojua kazi hiyo.

Hatua ya 2: Anza na mwili

Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyeona ubao huonekana mvivu. Kuna aina ya kifafa ambayo haimwangushi mtoto, humfanya aduwae sekunde chache mara nyingi kwa siku, na mwalimu hudhani anaota ndoto za mchana. Upungufu wa damu na selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, ambao upo sana huku pwani, humchosha mtoto kiasi cha kushindwa kufuata somo. Omba masikio, macho na damu vipimwe, na useme waziwazi kama umewahi kuona anaduwaa.

Usingizi nao ni dawa. Mtoto anayelala saa sita usiku kwa sababu ya simu au televisheni ya sebuleni hawezi kutulia darasani, awe mgonjwa au la.

Hatua ya 3: Hospitali

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu upate barua ya rufaa. Mombasa, kliniki za magonjwa ya akili utazipata Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ile wengi wetu tunaiita Makadara, na hospitali ya Port Reitz kule Changamwe. Kabla ya kwenda, hakikisha umejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa kupiga *147# na kwamba jina la mtoto limo kwenye orodha ya wategemezi wako. Beba daftari, ripoti za shule za mihula miwili au mitatu, na kitabu cha kliniki cha utotoni kama bado unacho.

Ukiwa ndani, usitoke bila majibu. Unadhani ni nini, na ni kitu gani kingine kinaweza kuwa? Je, kuna tiba ya mazungumzo kabla ya dawa au pamoja nayo? Dawa hii itachukua muda gani kuonyesha kazi? Ina madhara gani, na ni yapi ya kunirudisha hapa haraka? Inapatikana hapa au nitainunua nje, na kwa bei gani? Swali hilo la mwisho wazazi huona haya kuuliza, lakini dawa iliyoanzwa kisha ikakatika kwa kukosa pesa inaweza kumletea mtoto shida mpya. Daktari akijua mfuko wako anaweza kuchagua nyingine.

Kabla ya kuondoka, omba barua ya shule. Daktari hana haja ya kuandika kila kitu humo. Inatosha aseme mtoto yuko chini ya matibabu, aeleze kwa kifupi mambo yanayomwathiri darasani, na apendekeze msaada.

Najua wengi tutapita pia kwa sheikh au kwa mchungaji, na sioni ubaya. Dua, kisomo na maombi vimewashika watu mkono kwa karne nyingi. Ila kuna mipaka ya kuwekwa bila kupepesa macho. Mtu yeyote anayetaka kumchapa mtoto ili pepo atoke, kumchoma, kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumwachisha dawa, ondoka kwake na mtoto wako siku hiyo hiyo. Na mtoto akinywa kombe au dawa ya miti, mwambie daktari. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali, naye hawezi kujua usipomwambia.

Hatua ya 4: Tathmini ya kielimu

Serikali ina vituo vya kutathmini watoto kielimu, maarufu kama EARC. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, wakuelekeze kituo kinachowahudumia. Huko hawatibu. Wanatazama jinsi mtoto anavyojifunza na kupendekeza shule ya kawaida yenye msaada, kitengo maalumu au shule maalumu. Watoto wengi wenye wasiwasi, sonona (huzuni nzito isiyoondoka) au shida ya kutulia wanaweza kusoma shule ya kawaida kabisa, kwa hiyo usikubali kusukumwa kwenye kitengo maalumu kwa sababu tu mwalimu amechoka. Ripoti hiyo itunze. Itakufaa tena kwenye mitihani.

Hatua ya 5: Barua, kisha kikao

Usianzie mlangoni saa mbili kasoro, mwalimu akiwa na chaki mkononi na wazazi wengine wamesimama nyuma yako. Andika barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Inaweza kuwa hivi:

"Kwa Mwalimu Mkuu. KUH: OMBI LA KIKAO KUHUSU MWANAFUNZI WA GREDI YA 5. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo chini. Mwanangu yuko chini ya matibabu hospitalini kwa hali inayoathiri utulivu na masomo yake. Barua ya daktari nimeiambatisha. Naomba kikao cha nusu saa pamoja nawe, mwalimu wa darasa na mwalimu wa ushauri nasaha, ili tukubaliane namna ya kumsaidia darasani. Naomba pia habari hizi zibaki kwa walimu wanaomfundisha peke yao. Natanguliza shukrani."

Ombi la siri lina nguvu ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Nawe ulinde siri ya mwanao: kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa si mahali pa kueleza hali yake, hata siku mtu akimlalamikia humo. Jibu: "Nitazungumza na mwalimu," basi.

Siku ya kikao nenda na mtu mmoja, mume, dada au mama mdogo, aandike wakati wewe unaongea. Salimu vizuri, shukuru kwa lile moja zuri ambalo mwalimu huyu amewahi kumfanyia mtoto, maana mara nyingi lipo. Kisha umuulize yeye kwanza: "Mwalimu, wewe unamwona vipi darasani? Ni saa ngapi anapata shida zaidi?" Mwalimu hukaa na mtoto saa nyingi za mchana, na anayoyajua hayamo kwenye daftari lako.

Omba mambo matatu tu. Mzazi akija na madai kumi na matatu ataitikiwa "sawa, sawa" na hakuna hata moja litakalofanyika. Chagua matatu yasiyohitaji pesa, ambayo mwalimu anaweza kuanza kesho. Andikeni kwenye karatasi moja: nini, nani, saa ngapi, na tarehe ya kukutana tena baada ya wiki nne. Kila mmoja atie sahihi. Chagueni pia mwalimu mmoja ambaye mtoto atamkimbilia na ambaye wewe utawasiliana naye. Mara nyingine anayefaa zaidi ni mwalimu wa michezo au hata sekretari wa ofisi, kwa sababu mtoto anampenda.

Mambo gani ya kuomba

Mtoto asiyetulia na asiyeweza kushika fikira, wanaoitwa wa ADHD, akae mbele, mbali na mlango na dirisha linalotazama barabara. Apewe maelekezo mafupi, moja baada ya jingine, na kazi ya hesabu kumi igawanywe mbili za tano. Apewe sababu halali ya kusimama: kufuta ubao, kukusanya madaftari, kwenda kuchota maji. Kumnyima mapumziko kama adhabu humwongezea shida, kwani mwili wake unahitaji kukimbia kuliko wa wenzake.

Mwenye sonona huenda asilie hata siku moja. Kwa vijana, sonona mara nyingi huja kama hasira: anajibu vibaya, ameacha mpira, alama zimeporomoka, hapendi marafiki. Omba apunguziwe kazi za nyumbani kwa muda, asisomewe alama zake mbele ya darasa, na mwalimu wake mmoja amsemeshe kila siku, hata dakika mbili. Kwa kijana wa umri huu, uliza pia kuhusu muguka na bangi bila kupiga kelele. Bangi inaongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili kwa vijana, hasa walio na ndugu aliyewahi kuugua hivyo.

Anayelipuka kwa hasira, mkubaliane mapema dalili zake za mwanzo, mahali pa kutulia, na nani aende naye. Mlipuko ukishaanza usimhubirie, hawezi kusikia. Mahubiri ni ya baadaye, na yawe mafupi.

Anayeogopa shule nataka nimzungumzie zaidi, kwa sababu hapa ndipo huruma yetu inapotuponza. Mtoto analia, anatapika, na mzazi mwenye moyo anamwacha nyumbani. Siku hiyo anapumua. Kesho yake hofu imekua, maana mwili wake umejifunza kwamba kukimbia ndiko kunakoponya. Kadiri anavyokaa nyumbani ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu. Wala kumburuta kwa nguvu hadi getini hakufai. Kinachofanya kazi ni ngazi ndogo ndogo, na shule lazima iikubali kwa maandishi.

Kwanza ondoa kinachomtisha kikweli. Kama kuna anayemwonea, hilo likomeshwe kabla ya lolote. Kisha panga ngazi: siku mbili za kwanza avae sare mfike mpaka getini na kurudi. Siku zinazofuata aingie ofisini kwa yule mwalimu wake, akae nusu saa. Kisha kipindi kimoja anachokipenda. Kisha mpaka mapumziko, kisha mpaka chakula cha mchana. Usipande ngazi mpaka ile ya chini imekuwa nyepesi, na siku akishindwa rudini ngazi moja, si mwanzo kabisa. Akiwa nyumbani saa za shule, kusiwe na katuni wala simu. Asome na afanye kazi ndogo, nyumba isiwe sherehe.

Safari yenyewe inaweza kuwa ngazi. Mtoto wa Likoni anayevuka kwenda kisiwani anakutana na msukumano wa feri kabla hajaona shule, na kwa mwenye wasiwasi hiyo pekee yatosha kummaliza. Vukeni mapema kabla ya umati, msimame pembeni penye upepo, ahesabu pumzi zake, ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Dawa, shule na Ramadhani

Dawa ya methylphenidate ya muda mfupi, inayotumika kwa ADHD, hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Mwalimu akikuambia "asubuhi ni malaika, baada ya saa sita ni balaa", mwandikie daktari maneno hayo hayo, huenda dawa inaisha nguvu. Hupunguza hamu ya kula pia, kwa hiyo mpe staftahi ya kushiba kabla ya kidonge. Fluoxetine, ya sonona na wasiwasi, huhitaji wiki kadhaa ndipo ionekane, kwa kawaida nne hadi sita. Wiki za mwanzo mtazame kwa karibu: akichacharika kupita kiasi au akianza kutaja kifo, rudi hospitali mara moja. Risperidone huleta njaa na usingizi, na mwalimu akijua hilo hatamwita mvivu. Dawa yoyote kati ya hizi usiikate ghafla kwa sababu mtoto amepata nafuu, na usingoje vidonge vitatu vya mwisho ndipo utafute vingine.

Kama kuna dozi ya mchana, ikae kwa mwalimu mmoja, ndani ya kasha lenye jina na saa, na kadi ya kutia alama kila akipewa. Mtoto asiibebe mfukoni.

Kwa familia za Kiislamu, mwone daktari wiki chache kabla ya Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na mtoto asiyebaleghe hajafaradhishiwa. Lakini vijana wengi hutaka kufunga na wenzao, na mara nyingine dozi zinaweza kuhamishiwa futari na daku. Daktari ndiye aamue. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, asifunge bila kumwuliza, kwa sababu ukosefu wa maji huipandisha dawa hiyo mwilini hadi kuwa sumu. Kwa wenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, kukesha pia ni hatari, hata kama anakesha kwa heri.

Madrasa nayo ni shule

Mtoto wa Mombasa ana walimu wa aina mbili, na mara nyingi tunamsahau ustadhi. Mpelekee yeye pia karatasi ileile yenye mambo matatu. Wazee wetu walimkabidhi mtoto chuoni pamoja na fimbo. Wewe mkabidhi pamoja na maelezo. Ustadhi akielewa kwamba kutohifadhi hakutokani na ukaidi, anaweza kumpa aya fupi fupi na kumruhusu asome kwa sauti ya chini bila kusimamishwa mbele ya wenzake. Na kama siku imekuwa nzito, saa nane za shule na saa mbili za madrasa zinaweza kumzidi. Punguza siku za wiki kwa muda badala ya kumwachisha kabisa.

Shule ikikataa, ikimpiga au ikimfukuza

Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, za mwili na za akili. Kumwita mtoto kichaa mbele ya darasa kunaingia humo. Shule pia haina ruhusa ya kumwondoa mtoto kiholela kwa kukuambia kwa mdomo "mtafutie shule nyingine". Omba waandike. Mara nyingi ombi hilo pekee hubadilisha mazungumzo.

Mtoto akipigwa, mpeleke hospitali, piga picha za alama, andika tarehe na aliyoyasema kwa maneno yake. Anza na mwalimu mkuu kwa barua, kisha bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na TSC, tume inayoajiri walimu. Akiumizwa vibaya au akidhulumiwa kingono usifuate ngazi hizo, nenda moja kwa moja dawati la watoto kituo cha polisi na ofisi ya watoto. Namba 116 ni ya bure, saa zote, kwa mtoto na kwa mzazi.

Kwenye mitihani ya kitaifa, KNEC, baraza la mitihani, huwa na mipango kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kama muda wa ziada. Shule ndiyo huomba, wakati wa usajili, kwa hiyo kumbusha mwanzoni mwa mwaka na uambatishe ripoti za tathmini na za daktari.

Akitaja kufa

Muulize wazi: "Unafikiria kujiua? Umefikiria vipi?" Kumuuliza hakumpandikizi wazo hilo. Humpa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, hata chooni mlango uwe nusu wazi. Toa nyumbani sumu ya panya, dawa ya wadudu, na vidonge vyote, vya bibi na vya babu pia. Mpeleke idara ya dharura usiku huo huo. Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa sheria ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, ni kinyume cha katiba. Mpeleke bila hofu. Akirudi shuleni, kaeni kwanza na mwalimu wake mkubaliane wenzake wataambiwa nini, na mtoto mwenyewe achague maneno.

Kabla ya bweni

Gredi ya 10 ikikaribia, jamaa watasema mpeleke bweni akanyooke. Nenda wewe kwanza ukaulize: nani hutoa dawa usiku, chumba cha wagonjwa kina nani Jumapili, taa huzimwa saa ngapi, na mtoto akitaka kukupigia simu anaruhusiwa vipi? Kama majibu hayaridhishi, shule ya kutwa iliyo karibu inamfaa zaidi, hata kama jina lake ni dogo. Na kama yanaridhisha, mpelekee matroni karatasi ya mambo matatu, nakala ya barua ya daktari na dawa za muhula mzima kabla ya siku ya kuripoti, wakati ofisi imetulia na ana nafasi ya kukusikiliza.